Tundu la Swichi

Kuna watu wazima duniani, wenye kazi zao na watoto wao, wanaoweza kubishana wiki nzima kwa ajili ya milimita moja. Hawabishanii mpaka wa kiwanja. Wanabishania paa la gari la plastiki linaloenea kwenye kiganja. Mmoja anasema liko juu mno, mwingine anasema liko sawa, wa tatu anachomoa rula.

Kwa ambaye hajawahi kuziona, hizi ni modeli za magari zinazouzwa zikiwa vipande ndani ya boksi. Unakata kipande kimoja kimoja kutoka kwenye fremu yake, unakipiga msasa, unaunganisha kwa gundi, unapaka rangi, unabandika stika. Kilichoandikwa juu ya boksi ni ahadi. Kikiandikwa 1:24, maana yake kila kitu kwenye gari halisi kimegawanywa kwa 24, si urefu peke yake, bali upana, kimo, rimu, mpaka kitasa cha mlango. Kama gari halisi ni kubwa mara 24 kuliko modeli, basi milimita moja ya kosa kwenye plastiki ni milimita 24 kwenye bati. Mwambie fundi bodi yeyote kwamba umenyanyua paa la gari lake kwa sentimita mbili na nusu, uone kama atakuelewa.

Mimi nasomea ualimu, hisabati na jiografia, kwa hiyo siwezi kuiona 1:24 nikapita tu. Skeli ni mada yangu. Nimeifundisha kwenye TP, na nitaifundisha, Mungu akijalia, miaka thelathini na ushee ijayo. Ndiyo maana naomba mnivumilie kwenye makala inayohusu vigari. Wengine mtaona mwisho wake kwamba sikuwa nazungumzia vigari tu.

Modeli yenyewe sikuinunua. Bumu la mwanafunzi linaisha kabla hata hujamaliza kulipa madeni ya chakula, sembuse plastiki kutoka Japani. Mjomba wangu ana gereji Ilala, na magari mengi anayopokea ni yale yaliyotumika Japani yakaletwa kwa meli. Ukiyafungua unakuta vitu vya wenyewe wa zamani: mwavuli, ramani, kaseti, risiti. Kwenye gari moja, chini ya tairi la akiba, alikuta boksi. Juu yake limechorwa Datsun 240Z ikiruka tuta la vumbi, taa nne mbele, namba za mashindano mlangoni. Mjomba akaniita. "Njoo uchukue takataka zako za shule," alisema. Anajua nikiona kitu chenye vipimo siachi.

Kampuni iliyoitengeneza sitaitaja, maana si yenyewe peke yake iliyofanya hivi na wala sina ugomvi nayo. Boksi lilikuwa la kisasa, karatasi inang'aa. Ila nilipoikata chasisi kutoka kwenye fremu na kuigeuza, niliona mambo mawili. La kwanza, mwaka uliochapwa kwa herufi ndogo ndani ya plastiki ulikuwa wa miaka ya 1970. La pili, katikati ya tumbo la gari kulikuwa na tundu la mstatili, dogo, limekatwa vizuri, na pembeni yake kishimo kirefu kilichozungushiwa kuta. Nikatafuta kipande cha kuziba lile tundu. Hakikuwepo. Nikapekua maelekezo, ukurasa kwa ukurasa, nikifuata michoro kwa sababu Kijapani sikijui. Hakuna mahali lilipotajwa.

Lilikuwa tundu la swichi. Kishimo kilikuwa cha betri. Zamani modeli hii iliuzwa na mota ndogo ya umeme ili mtoto aiwashe ikimbie sakafuni. Ilipotolewa upya, mota iliondolewa kwenye boksi. Tundu halikuondolewa, kwa sababu tundu halimo kwenye boksi. Limo kwenye kalibu.

Hapa ndipo ilipo siri nzima ya biashara hii. Modeli za plastiki hutengenezwa kwa kalibu za chuma. Plastiki ya polistaireni huyeyushwa kwa joto la zaidi ya nyuzi 200, husukumwa kwa nguvu ndani ya kalibu, hupoa, kalibu hufunguka, kipande hutoka. Plastiki yenyewe si ghali. Kinachogharimu ni kalibu: kuichora, kuichonga, kuijaribu, kuirekebisha. Kampuni ikishalipa gharama hiyo, itataka kalibu ifanye kazi miaka mingi. Kwa hiyo baada ya miaka kumi inatolewa tena na boksi jipya. Baada ya ishirini, na stika mpya. Baada ya arobaini, na rangi nyingine ya plastiki na maneno "toleo maalumu." Chuma ni kilekile. Na kama yule aliyechonga mara ya kwanza alikosea kona ya dirisha, kona hiyo itazaliwa tena kila toleo.

Waliokulia kwenye matofali ya kufyatua wanalielewa hili bila maelezo. Kalibu ikiwa imepinda pembe, hutapata tofali moja bovu. Utapata ukuta.

Sasa, kwa nini wachonge vibaya toka mwanzo? Sababu ziko nyingi na si zote ni uzembe. Ya kwanza ni hiyo mota. Gari la kweli halikubuniwa libebe betri za tochi chini ya sakafu. Ukitaka betri zikae, inabidi uinue sakafu au utanue bodi, na ukishatanua bodi kidogo unatafuta pa kuificha tofauti. Tamiya, kampuni ya Shizuoka inayoheshimika kuliko karibu zote kwenye fani hii, ilitoa kifaru cha Panther chenye mota mwanzoni mwa miaka ya 1960. Ukubwa wake haukuanzia kwenye hesabu ya skeli. Ulianzia kwenye nafasi ya kuingiza betri. Baadaye walipopima wakakuta ni kama 1:35. Leo kampuni chungu nzima duniani hutoa vifaru vya 1:35, na mtoto anayenunua anadhani namba hiyo ilitoka kwenye kanuni fulani ya kijeshi. Kumbe ilitoka kwenye betri!

Sababu ya pili ni fizikia ya kawaida. Bati la bodi ya gari lina unene usiofika hata milimita moja. Ligawe kwa 24: unapata kitu chembamba kuliko karatasi ya daftari. Plastiki ya unene huo haitoki kwenye kalibu ikiwa nzima, kwa hiyo inabaki na unene wa milimita moja hivi, yaani kana kwamba gari la kweli lingekuwa na bati la sentimita mbili na zaidi. Mwanya kati ya mlango na bodi, ambao kwenye gari ni milimita tano, ulipaswa kuwa milimita 0.2. Ukiuchonga hivyo, rangi itauziba wote. Wachongaji wanaupanua kwa makusudi ili jicho liuone. Hapo wamedanganya rula ili waseme kweli kwa jicho. Uongo wa namna hii siugombi. Ramani zetu za jiografia nazo huchora barabara pana kuliko ilivyo, la sivyo usingeiona.

Sababu ya tatu ndiyo inayonikera: kutokwenda kwenye kitu chenyewe. Katikati ya miaka ya 1970, Tamiya hiyohiyo ilipotaka kutoa Porsche 934 ya skeli ya 1:12, Shunsaku Tamiya, mtoto wa mwanzilishi, alinunua Porsche 911 ya kweli. Wakaifungua vipande ili waone kila kimoja kinavyokaa. Modeli ilitoka 1976 na mpaka leo watu wanaitaja. Huyo alirudi kwenye gari. Sasa linganisha na upande wa Marekani. Kampuni kama AMT zilianza mwaka 1958 kutoa modeli za 1:25 za magari mapya ya kila mwaka. Kiwanda cha magari kikibadilisha taa na bampa kwa ajili ya mwaka mpya, kampuni nayo ilichukua kalibu ya mwaka uliopita, ikaichonga upya ifanane na gari jipya. Ilikuwa nafuu. Lakini maana yake gari la mwaka jana lilifutika palepale. Ukilitaka leo hakuna kalibu ya kulitoa, liliisha ndani ya tumbo la mdogo wake.

Wapenzi wa modeli wamelilia magari hayo miongo kadhaa. Round 2, kampuni inayotumia leo majina ya AMT na MPC, imekuwa ikiyarudisha baadhi kwa kutengeneza kalibu mpya kwa kufuata modeli zenyewe za zamani. Naelewa kwa nini, na wanunuzi wanafurahi, kwa sababu wanachotaka ni ile modeli waliyoijenga wakiwa watoto. Lakini angalia kilichopimwa ni nini. Si gari. Ni modeli ya gari. Kama modeli ya zamani ilikuwa na paa la juu, nakala yake italitunza lile paa kwa uaminifu mkubwa kabisa. Itakuwa sahihi mia kwa mia, kwa kosa.

Sisi huku kampasi kitu hiki tuna jina lake: desa. Kila anayesoma makala hii anayo madesa kwenye simu au kwenye boksi chini ya kitanda. Ulipewa na wa mwaka wa pili, aliyepewa na wa mwaka wa tatu, aliyepewa na mtu ambaye sasa ni mwalimu mkuu huko Songea. Mimi ninalo moja la somo la mitaala. Ukurasa wa nne limeandikwa "tazama mchoro hapo juu," na juu hakuna mchoro. Ulipotea kwenye nakala ya ngapi sijui. Lakini sentensi imeendelea kunakiliwa, mwaka hadi mwaka, na nina hakika wapo walioiandika kwenye UE kama ilivyo. Mchoro ulikuwa mota. Sentensi ni tundu la swichi.

Nilipomaliza kuunganisha gari langu nililipeleka gereji nimwoneshe mjomba. Pale kuna fundi bodi mmoja, mzee wa miaka sitini na kitu, ambaye maisha yake yote amenyoosha mabati. Akiwa mtoto aliwahi kusimama kando ya barabara kuangalia magari ya Safari, enzi zile mashindano yakipita Kenya, Uganda na Tanzania. Nikamwamkia, nikamwekea gari kwenye benchi. Hakulishika kwanza. Aliinama mpaka jicho lake likawa usawa wa tairi.

"Marahaba, mwanangu. Hii ni Z?"

"Ndiyo mzee. 240."

"Siyo. Yaani ndiyo, lakini siyo." Akapitisha kidole juu ya paa bila kuligusa. "Z ilikuwa imelala. Hii imeamka. Na mabega yake ni mapana, imekaa kama mtu aliyevaa koti la kaka yake. Aliyeichonga hii hajawahi kulala chini ya hilo gari."

Nikatoa rula. Vipimo vya 240Z ya kawaida vinajulikana: urefu kama milimita 4,140, upana 1,630, kimo 1,285 hivi, na kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma 2,305. Gawanya kwa 24 unapata 172.5, kisha 68 kasoro, kisha 53.5, kisha 96. Gari langu lilikuwa na urefu wa 173, safi. Kati ya ekseli na ekseli 96, safi kabisa. Upana, 71. Kimo, 56. Upana uliozidi ni kama sentimita saba za gari la kweli, na kimo kilichozidi ni sentimita sita. Mzee alikuwa ameona kwa jicho, kutoka kwenye kumbukumbu ya nusu karne, kitu ambacho mimi nilihitaji rula na mgawanyo kukithibitisha. Na nikakisia sababu yake, kwa sababu ilikuwa palepale tumboni: betri zilihitaji kukaa, na bodi ikapanuka na kunyanyuka kuzipisha. Mota imeshatolewa. Gari limebaki na umbo la kuibeba.

Lile gari nikaenda nalo TP. Nilipangiwa shule ya kata, Kidato cha Kwanza, mada ya uwiano. Darasa lilikuwa na wanafunzi zaidi ya sitini na vifaa vya kufundishia vilikuwa chaki na mimi. Nikawagawa makundi, nikaandika vipimo vya gari halisi ubaoni, nikawaambia wapime modeli kisha watafute skeli. Tulianza kwa Kiingereza kama mtaala unavyotaka, na baada ya dakika tano tukawa kwenye Kiswahili kama uhai unavyotaka.

Kundi la kwanza lilipima urefu, wakapata 1:24. Wakashangilia. Kundi la pili wakapata ekseli, 1:24. Kundi la tatu lilipewa upana. Walipima mara mbili, wakanong'onezana, wakapima tena. Binti mmoja akasimama, akasema wamepata 1:23. Wenzake wakaanza kumcheka. Yeye hakukaa. Akauliza, "Mwalimu, tuandike ya boksi au ya rula?"

Nikawaambia waandike zote mbili, halafu waandike na tofauti. Tukazungumza kwa nini kitu kimoja kinaweza kuwa na skeli mbili, nikawaonesha tundu la swichi, nikawaeleza habari ya betri. Kilikuwa kipindi kizuri kuliko vyote nilivyofundisha pale. Kisha kijana wa dawati la nyuma akanyoosha mkono. "Na mtihani ukija, mwalimu, tuandike ipi?"

Ndugu zangu wa kitivo cha elimu, nambieni mngejibu nini.

Kwa sababu sote tunajua jibu la mtihani ni la boksi. Mtunzi wa mtihani hatakuwa na modeli mkononi. Ataandika "skeli ni 1:24, tafuta upana," na anayetoa 68 anapata alama zote. Na si kwenye vigari tu. Pluto iliondolewa kwenye orodha ya sayari mwaka 2006, mimi nikiwa bado mdogo kabisa. Miaka mingi baadaye mdogo wangu alirudi nyumbani na daftari lenye sayari tisa, limewekewa vema jekundu. Mwalimu wake hakuwa mjinga. Alikuwa na nukuu nzuri zilizopangika, alizozipata kwa mwalimu aliyemtangulia. Kalibu ilikuwa nzima. Ilitoa tofali.

Nilimjibu yule kijana hivi: "Kwenye mtihani jibu swali ulilopewa, kwa vipimo ulivyopewa. Ila usiache kupima ukipata kitu chenyewe." Sijui kama lilimtosha. Mimi halinitoshi sana, lakini ndilo nililonalo, na sioni kama ningemsaidia kwa kumtuma vitani na kamati ya mitihani akiwa na rula ya sentimita kumi na tano.

Kuna watakaosema dawa ni kuacha kabisa matoleo ya marudio. Kila kitu kipimwe upya, kalibu za zamani zikatupwe. Sikubaliani nao. Bila toleo la marudio, lile boksi lisingekuwepo, mimi nisingegusa modeli, na wale watoto sitini wangejifunza uwiano kwa machungwa ya kufikirika ya Juma na Asha. Marudio ndiyo yanayokifikisha kitu kwa asiye na uwezo wa kukipata kipya. Madesa nayo hivyohivyo: yamewavusha wengi ambao kitabu cha kiada kwao ni bei ya mlo wa mwezi. Kosa si kurudia. Kosa ni kurudia huku umefuta mwaka, umebadilisha boksi, umeondoa mota bila kusema kwamba palikuwa na mota. Kama boksi langu lingekuwa na mstari mmoja tu, "modeli hii ilibuniwa kubeba betri, kwa hiyo bodi yake imepanuliwa," hakuna ambaye angedanganyika. Wangeuza vilevile.

Tena kuna jambo linalotugusa sisi wa upande huu wa dunia. Mashindano ya Safari yalianza mwaka 1953, kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda kwa Datsun 240Z, na mwaka 1973 Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, akashinda na Lofty Drews kwa gari la aina hiyohiyo. Magari haya yametolewa kama modeli. Hasegawa wametoa 240Z ya 1971, ambayo si hii yangu, na Beemax wametoa Toyota Celica ya ushindi wa 1985. Gari lenyewe la 1971 lipo Japani, Zama, kwenye mkusanyiko wa Nissan, jekundu na boneti jeusi, na mibonyeo ya barabara zetu bado iko kwenye bati lake.

Yaani mtu wa Japani akitaka kujua 240Z ya Safari ilikaaje, ana gari la kwenda kulipima. Sisi ambao vumbi lake lilitupiga usoni tuna nini? Tuna wazee kama yule fundi. Na kipimo alichonacho hakijaandikwa popote, kiko kwenye jicho. Siku jicho hilo likifumba, mjukuu wake akitaka kujua gari lililopita mbele ya babu yake lilikuwaje, atafungua boksi. Atakachokikuta kwenye boksi kitakuwa kweli, kiwe kweli kisiwe. Hakutakuwa na wa kumwambia kwamba limeamka wakati lilikuwa limelala. Hilo ndilo linalonitisha kuliko milimita zenyewe. Toleo lenye kosa halina madhara makubwa madamu yupo aliyekiona kitu. Hatari inaanza pale shahidi anapoondoka na kalibu inabaki.

Na walimu, tusijidanganye, ni kalibu. Mmoja wetu akifundisha miaka thelathini na tano, madarasa mawili au matatu kila mwaka, yenye watoto hamsini au sitini, piga hesabu mwenyewe ni nakala ngapi atatoa. Baadhi ya nakala hizo nazo zitakuwa kalibu. Hatutaweza kuwa bila kasoro, hata Tamiya waliponunua Porsche hawakuweza kulifanya bati kuwa jembamba kama bati. Kinachowezekana ni kurudi kwenye kitu chenyewe kila kinapopatikana, na kuacha mwaka wetu na tundu letu vionekane ili anayekuja ajue tulipanua wapi na kwa sababu gani. Ukimpa mwenzako desa, mwandikie juu limetoka wapi na mwaka gani, na mchoro upi haupo. Haichukui hata dakika mbili.

Siku ya mwisho ya TP nililiacha lile gari shuleni, kwenye kabati la idara ya hisabati, kwa sababu wao wanalihitaji kuliko mimi. Kabla ya kulifungia nilikata kipande cha karatasi ya daftari, nikaandika: "240Z. Boksi linasema 1:24. Urefu ni kweli. Upana umezidi mm 3, kimo mm 2.5, kwa ajili ya betri ambazo hazipo tena. Tafadhali pima kabla ya kufundishia." Nikaikunja, nikaiingiza kwenye lile tundu la swichi. Iliingia vizuri kabisa.